Ridhaa ya Jukwaani: Tahakiki ya Warsha za Maigizo za Watu Wazima

Mchezaji asiyelipwa, apandaye jukwaani kwa mapenzi yake tu, Kiswahili humwita mchezaji wa ridhaa. Msamiati huu umezoeleka zaidi katika habari za ngumi na za kandanda, lakini kwa maoni yetu unastahiki zaidi kutumika katika sanaa za maonyesho. Ridhaa si kukosa mshahara tu. Ridhaa ni kukubali kwa moyo mkunjufu, bila kushurutishwa wala kuhadaiwa. Mtu mzima aliyetoka shambani, kiwandani au ofisini, akaacha mapumziko yake na kwenda kujifunza kuigiza, hana deni kwa mtu yeyote. Hapewi alama, hapandishwi cheo, na asiporidhika leo, kesho atabaki nyumbani kwake. Kwa hiyo yafaa kuziuliza warsha za maigizo za watu wazima swali moja kabla ya mengine yote: je, ridhaa ya mchezaji huyu imeheshimiwa hadi wapi?

Warsha hizi zina majira yake. Huko Ulaya hufanyika wakati wa kiangazi, shule na vyuo vinapofungwa na wafanyakazi wanapopata likizo. Kwetu majira ni mengine, ila yapo: ni likizo ndefu za shule na vyuo, na ile miezi ya ukavu baada ya mavuno, jembe linapokuwa limepumzika. Ndiyo miezi ambayo mwalimu wa Kiswahili katika Uganda, Rwanda, Burundi au mashariki ya Kongo anaweza kuwakusanya wanafunzi wake wa jioni, yaani makarani, wauguzi, mafundi cherehani na wafanyabiashara wa sokoni, akawaambia: safari hii tusisome kitabu, tucheze mchezo. Tahakiki hii tunaiandika kwa ajili ya mwalimu huyo. Hatukusudii kuhakiki tamthilia moja iliyokwisha kupigwa chapa, bali namna watu wanavyokutana kuitengeneza. Warsha nayo ina fani na maudhui yake, na hapana sababu ya kuiacha bila kuihakiki.

Jukwaa la likizo

Ukumbi wa taifa wa maigizo wa Kenya ulifunguliwa mjini Nairobi mwaka 1952, na ule wa Uganda mjini Kampala mwaka 1959. Katika miaka ile majukwaa ya miji yetu yalitawaliwa na vilabu vya Wazungu waliokuwa wakicheza kwa ridhaa. Mchana walikuwa maofisa, wahasibu na wake wa maofisa; jioni walifanya mazoezi ya michezo iliyokwisha kupata sifa huko London. Hatuwezi kuwalaumu kwa kupenda jukwaa. Lakini jukwaa lile lilikuwa dirisha la kutazamia kwao, na Mwafrika alikuwa na nafasi ndogo sana humo, akiwa mchezaji au hata mtazamaji.

Hatua kubwa ya kwanza ya kulitoa jukwaa katika kumbi hizo ilichukuliwa mwaka 1965, pale wanafunzi wa Makerere, wakiongozwa na David Cook, walipoanzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri. Walitumia likizo zao kuzunguka miji na vijiji wakionyesha michezo bila kiingilio. Tena hawakucheza kwa Kiingereza peke yake: walicheza kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Uganda, kama vile Luganda. Hapana budi tuwape sifa yao. Walithibitisha ya kwamba mchezo mzuri hauhitaji pazia la mahameli wala taa za rangi, na ya kwamba watu wa soko la kijijini huweza kuwa hadhira makini kuliko waliokaa kwenye viti vya kukunja.

Hata hivyo, tukiitazama kwa kipimo chetu cha ridhaa, safari ile ilikuwa na upungufu wake. Wenye ridhaa walikuwa wanafunzi. Mwanakijiji aliletewa mchezo, akacheka, akapiga makofi, kisha gari likaondoka. Hakuombwa kuchagua kisa wala kushika nafasi ya mhusika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasema wahenga. Lakini mwenyeji wa jukwaa haponi kwa kutazama tu.

Nani achague kisa?

Swali hilo lilitafutiwa jibu nchini Botswana mwaka 1974, katika eneo la Bokalaka, kaskazini ya nchi, kwa kampeni iliyoitwa Laedza Batanani, maana yake kwa ufupi, kumekucha, njooni tufanye kazi pamoja. Utaratibu wake umeigwa na wengi tangu hapo, kwa hiyo tuueleze. Kwanza viongozi wa vijiji na wafanyakazi wa maendeleo walikutana kuyataja matatizo ya eneo lao. Pili, kikundi cha walimu wa watu wazima na maofisa wa ugani kilifanya warsha ya siku chache, kikatunga mchezo mfupi wenye vichekesho, nyimbo na vikaragosi. Tatu, kikundi kikazunguka vijiji. Baada ya kila onyesho watazamaji waligawanyika katika makundi ya mazungumzo, wakajadiliana juu ya waliyoyaona.

Kwa macho ya haraka, hapa ridhaa ipo: kuna mkutano, kuna mazungumzo, kuna lugha ya wenyeji. Lakini mwaka 1982 Ross Kidd na Martin Byram, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampeni hiyo, waliihakiki wenyewe bila huruma. Walionyesha ya kuwa matatizo yalikuwa yamechaguliwa na wakubwa. Mwanakijiji wa chini alifika kwenye onyesho akakuta swali limekwisha kuulizwa na jibu limekwisha kuandaliwa. Mara nyingi jibu lenyewe lilikuwa kwamba kosa ni lake: hajachimba choo, hajatunza mifugo, hajakwenda zahanati. Umaskini wake haukutafutiwa chanzo kingine.

Wasomaji wetu wa Kiswahili wanalijua umbo hili la sanaa hata kama hawajawahi kusikia habari za Botswana. Ni umbo la ngonjera dhaifu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizitangaza sana, zilienea mashuleni na kwenye mikutano ya hadhara. Ngonjera nzuri ni majibizano ya kweli. Katika ngonjera dhaifu, mmoja hujua na mwingine hajui. Asiyejua huuliza kwa ukaidi, anayejua hujibu kwa ufasaha, na ubeti wa mwisho asiyejua hushukuru kwa kuelimishwa. Hakuna hata siku moja asiyejua akaibuka mshindi. Basi warsha ambayo kisa chake kimechaguliwa na ofisi, na mwisho wake umeandikwa kabla mchezaji hajafika, ni ngonjera ya namna hiyo, hata ikipambwa kwa ngoma na vichekesho.

Kamĩrĩĩthũ: gharama ya ridhaa

Mfano unaotajwa kuliko yote katika eneo letu ni ule wa Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru nchini Kenya. Unatajwa mara nyingi kwa sababu ya siasa yake. Sisi tunautaja kwanza kwa sababu ya utaratibu wake wa kazi.

Kituo cha kijiji hicho kilianza na kisomo cha watu wazima mwaka 1976. Waliojifunza kusoma walitaka kitu cha kusoma na cha kucheza, na kazi ya kuandika muswada ikakabidhiwa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Muswada wa Ngaahika Ndeenda ulipokuwa tayari, mwaka 1977, haukufungwa. Ulisomwa mbele ya watu. Mazoezi yalifanywa mahali pa wazi, mwishoni mwa juma, wapita njia wakisimama na kutoa maoni. Wazee walisahihisha lugha: mzee hasemi hivi mbele ya mkwewe, kijana hamjibu mama yake vile. Wafanyakazi walieleza jinsi kazi na mishahara ya kiwandani ilivyokuwa hasa. Kwa ngoma ya gĩtiiro, yenye majibizano ya ndoa, waliokuwa walimu ni akina mama wazee, na elimu ya vitabu haikuulizwa. Mwelekezi Kimani Gecau na wenzake waliotoka chuo kikuu walijikuta wanafunzi katika darasa walilodhani kuwa ni lao kulifundisha. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kutosha watu zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo serikali ilifuta kibali chake. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kikundi kilipoandaa mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, kilinyimwa nafasi ya kuuonyesha, na mwezi wa Machi ukumbi ule wa wanakijiji ulibomolewa. Kwa hiyo atakayesema kwamba warsha za maigizo ni mchezo wa kupotezea likizo, na akumbuke ya kuwa kuna ukumbi uliovunjwa kwa sababu wakulima na vibarua walicheza vizuri mno.

Tunakiri ya kuwa, kwa upande wa fani, tamthilia yenyewe ina walakini. Matajiri wake ni wabaya wa moja kwa moja na maskini wake ni wema karibu wote. Mhusika hapati nafasi ya kupingana na nafsi yake. Lakini mtu akisoma tafsiri yake ya Kiswahili, Nitaolewa Nikipenda, iliyotoka mwaka 1982, ataona ya kwamba palipo na majibizano ya wazazi na mtoto, utani wa ndoa na kumbukumbu za kazi, lugha inapumua. Hatudhani ni bahati. Pale ndipo ulimi wa kijiji ulipopita juu ya kalamu ya waandishi. Na jina lenyewe la mchezo, ukilifikiri, ni tamko la ridhaa.

Muda na kurudi

Miaka michache baadaye zilifanywa kazi mbili ambazo kwa mwalimu ni vema zilinganishwe, kwa maana zinatufundisha juu ya muda.

Ya kwanza ni ya Malya, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Kati ya mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda huko kufanya kazi na wanakijiji. Hawakuanza na muswada. Walianza na ngoma za Wasukuma na maongezi, wakayasikiliza yaliyowakera watu, miongoni mwake mimba za wasichana wa shule. Wanakijiji wenyewe ndio walioyachambua mambo hayo na kuyaweka katika ngoma na maigizo. Jambo tunalotaka lionekane hapa ni kwamba walimu wale walikwenda wakarudi, wakaenda tena. Kati ya safari moja na nyingine kijiji kilipata nafasi ya kubishana bila mgeni. Mazungumzo ya kisimani na kwenye pombe, asiyoyasikia mwelekezi, ndiyo yanayoupevusha mchezo.

Ya pili ni ya Murewa, nchini Zimbabwe, mwezi wa Agosti mwaka 1983, majira ya ukavu. Ilikuwa warsha kubwa ya Afrika nzima. Watu wa maigizo na wa maendeleo kutoka nchi nyingi walikutana kwa muda usiofika wiki tatu, wakagawanyika katika vijiji kufanya kazi na wenyeji. Ari ilikuwa kubwa, na Zimbabwe ilikuwa na historia yake ya mikesha ya nyimbo na maigizo ya wakati wa vita vya ukombozi. Lakini wageni wengi hawakujua Kishona. Mtu anayehitaji mkalimani ili acheke hawezi kukitambua kicheko cha kweli na cha adabu. Wala siku chache za kukaa na kijiji hazitoshi kuitofautisha ndiyo ya kukubali na ndiyo ya kumkirimu mgeni. Faida ya kudumu, kwa kadiri tuonavyo, ilitoka kwa waliobaki: Ngũgĩ wa Mirii, aliyekimbilia Zimbabwe mwaka 1982, aliendelea kwa miaka mingi kuvijenga vikundi vya maigizo vya jamii katika nchi hiyo, hata kilipomkuta kifo huko mwaka 2008.

Hatusemi ya kuwa warsha fupi haina maana. Likizo ya mwalimu ina mwisho, na wengi wetu hatuna miezi ya kwenda na kurudi. Tunasema ya kuwa warsha fupi isiyo na mtu wa kubaki ni sawa na kupanda mbegu na kuondoka na jembe. Kabla ya kupanga siku ya kufungua, na tujue nani ataendelea kuwakutanisha watu siku ya pili baada ya kufunga.

Lugha ya jukwaani

Tumefika sasa kwenye jambo linalotuhusu sisi walimu kuliko wengine. Kamĩrĩĩthũ walicheza kwa Kigĩkũyũ, lugha waliyoinyonya. Wanafunzi wetu hawako hivyo. Kwa mwanafunzi wa Gulu au wa Butare, Kiswahili ni lugha ya pili, ya tatu au ya nne. Wengine walikisikia kwanza kwa askari, wengine kwa wachuuzi, wengine redioni. Akipanda jukwaani kukisema, anakuwa na hofu mbili: hofu ya watazamaji, na hofu ya mwalimu aliyekaa mstari wa mbele na kalamu yake.

Hapa tungependa kuwakumbusha wasomaji juu ya Lubumbashi. Katika mji huo wa Kongo, kikundi cha Mufwankolo kilijipatia sifa kubwa kwa michezo yake ya Kiswahili. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza wachezaji maana ya msemo mmoja waliokuwa nao, ambao kwa Kiswahili chetu tungeweza kuusema hivi: mamlaka huliwa mazima. Badala ya kumweleza kwa maneno mawili matatu, waliamua kuufanyia mchezo. Fabian alifuatilia kazi yote, kuanzia kikao cha kwanza hadi onyesho, na mwaka 1990 akaitoa katika kitabu, maneno ya wachezaji yakiwa kama walivyoyatamka.

Wachezaji wale hawakuwa na muswada wa kukariri. Walikaa wakabishana juu ya kisa, wakagawana nafasi, wakajaribu onyesho moja baada ya jingine, wakikatizana na kusahihishana. Kila mmoja alijua aelekee wapi, ila maneno aliyatafuta papo hapo. Na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho upatanisho wake wa ngeli si ule wa vitabu vyetu, na ambacho huazima Kifaransa bila kuomba radhi. Mwalimu mkali wa sarufi angeijaza kazi ile alama nyekundu kuanzia mstari wa kwanza. Lakini ndani ya Kiswahili hicho kuna mfalme, kuna wazee wa baraza, kuna wasaliti, kuna mzaha unaoficha hoja nzito juu ya utawala, na hayo yalisemwa katika nchi ambayo wakati ule haikuwa salama kuyasema waziwazi. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wenye sarufi safi wanaoweza kusimama saa nzima bila karatasi na kubishana kuhusu madaraka kwa Kiswahili?

Tusieleweke vibaya. Hatuwashauri walimu waache Kiswahili sanifu. Mtu mzima anayejifunza lugha ana haki ya kufundishwa ile itakayomfikisha Tanga na Mombasa, na atakayoitumia kuandika barua ya kazi. Lakini kusahihisha kuna wakati wake. Mchezaji akikatizwa katikati ya ugomvi wa jukwaani kwa kusema kitabu changu imepotea, ugomvi unakufa na kosa linabaki. Kesho atachagua sentensi fupi asizoweza kukosea, na mhusika wake atageuka kuwa kasuku. Yafaa mwalimu asikilize, aandike kimya, na baada ya zoezi awaulize wachezaji wenyewe: mtu wa namna hii, mahali hapa, angesemaje? Wakati mwingine jibu litakuwa, kimepotea. Wakati mwingine watasema kwamba mhusika ni mchukuzi wa bandari ya Kalemie na imepotea ndiyo inayomfaa. Hapo watakuwa wamejifunza jambo ambalo zoezi la kujaza mapengo haliwezi kuwafundisha: ya kwamba usanifu ni chaguo, na kwamba mwenye kuchagua ni yeye asemaye.

Je, na starehe?

Tumeyasikia malalamiko ya upande wa pili, nayo yana haki. Wapo watu wazima wanaopenda jukwaa kwa ajili ya jukwaa. Hawataki kujadili vyoo wala mimba. Wanataka kuvaa maleba, kujipaka rangi, kuwa mfalme au mchawi kwa saa mbili, kisha warudi kwenye kazi zao wakiwa wepesi. Tangu miaka ya 1980 mashirika mengi ya misaada yamekuwa yakiyagharimia maigizo, na kwa sababu mwenye fedha ana ujumbe wake, watu wamezoea kudhani kwamba mchezo usio na ujumbe wa afya au wa kilimo ni upuuzi.

Sisi tunaona ya kuwa starehe ni sehemu ya ridhaa, pengine ndiyo mzizi wake. Anayemnyima mchezaji starehe yake ili ampe ujumbe atavikosa vyote viwili. Kikundi kikitaka kucheza tamthilia iliyokwisha kuandikwa, na kicheze. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, imewachosha wanafunzi wengi kwa sababu waliifahamu kuwa ni kitabu cha mtihani. Lakini wapeni watu wazima onyesho lake la mwanzo, la akina mama wakizungumza juu ya uhaba na taabu za nyumbani, na kabla hawajafungua kitabu waambieni walicheze kwa maneno yao. Kila mmoja aliyewahi kukosa chumvi ana la kusema. Wakisha kulicheza hivyo mara mbili, wafungue kitabu. Wataona kwamba mwandishi amechagua maneno machache kuliko yao, nao watauliza kwa nini. Swali hilo ndilo mwanzo wa uhakiki, na halikulazimishwa na mtu.

Kipimo

Baada ya mifano yote hiyo, twaweza kuyakusanya maoni yetu katika mambo manne, ambayo mwalimu atakayefungua warsha ya likizo anaweza kujipimia.

Kwanza, kisa. Je, siku ya kwanza kuna kisa kilichokwisha kuletwa, au wachezaji watapewa nafasi ya kukikataa? Ridhaa isiyo na uwezo wa kukataa si ridhaa.

Pili, mwisho. Je, mwelekezi yuko tayari mchezo umalizike kwa namna asiyoipenda? Mhusika mkaidi asiporuhusiwa kushinda hata katika zoezi, watazamaji watajua ya kuwa wamo kwenye mahubiri.

Tatu, lugha. Je, mchezaji anaogopa kosa kuliko anavyoogopa uongo? Kosa la ngeli husahihishwa kesho. Mhusika wa uongo haponi kwa sarufi.

Nne, baada yake. Je, baada ya mwalimu kufunga mkoba wake, kuna watu wawili au watatu watakaoita mkutano wa kwanza bila yeye?

Tunajua ya kuwa kipimo hiki kina hatari yake. Mwalimu akiwaachia watu wazima uchaguzi wa kweli, huenda wakachagua kusema jambo ambalo mkuu wa shule, au mkuu wa wilaya, asingependa kulisikia. Habari za Limuru zinatuonya juu ya hilo, na hatuna haki ya kumshauri mwenzetu aweke hatarini watu ambao hatutakuwa nao siku ya kuulizwa. Ndiyo maana uamuzi wa nini kisemwe hadharani na nini kibaki mazoezini uwe wa wachezaji, maana ndio watakaoishi nao. Wale wa Lubumbashi walijua kuificha hoja ndani ya mzaha na ndani ya hadithi ya mfalme wa zamani. Hakuna mwalimu aliyewafundisha hila hiyo. Watu wazima wanajua nchi zao.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili katika nchi zetu ni ndogo kuliko anavyodhani, na ni ngumu kuliko anavyodhani. Ni kuwapa watu lugha moja zaidi ya kuambiana yanayowahusu, kisha kukaa upande, kalamu ikiwa mfukoni, na kusikiliza.